Hija Matano Arudi Maweni

Saa tatu na nusu asubuhi, Hija Matano amechuchumaa ukingoni mwa jabali, anautazama mti alioukita kwenye mwamba huko chini. Mti una mikato kumi na miwili ya kisu. Maji yameshuka chini ya mkato wa nne. Anachomoa kipande cha mkaa sikioni, anachora mstari juu ya jiwe, anaendelea kutazama.

Hii ni siku yake ya kumi na nne mahali hapa.

"Jirani zangu wasema nimeposa huku," anasema. Hacheki.

Hapa ni maweni, pwani ya mashariki ya Pemba, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Pujini. Anayeijua Pemba ya mikarafuu na mabonde ya mpunga akiletwa hapa huuliza kama bado yuko kisiwa kile kile. Hakuna udongo wala kisima. Ni mawe meusi yenye meno, kama yaliyomwagwa yakiwa moto yakagandia yalipo, na vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi huvipita bila ya kuvigusa. Viatu vya ngozi havimalizi safari moja. Hija huvaa viatu alivyokata kwenye mpira wa gari.

Ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa aliongoza watu katika njia hii ya maili sita, zaidi wapimaji wa ardhi na wabebaji wao, kwa ujira wa shilingi tatu kwa siku. Mwaka 1957 akaacha, akarudi kwenye muhogo wake. Sasa ni 1960, na mwezi uliopita alijiwa na Mwalimu Soud, anayesomesha Chake Chake, akimwomba awatembeze wanafunzi kumi na wanane kutwa moja, wachore ramani ya pwani.

Hija hakumjibu ndiyo wala siyo. Alimwambia ampe mwezi mzima.

Kuipanga safari hii ni kazi. Maji ya kunywa lazima yabebwe yote, chupa mbili kwa kila mtu. Sehemu ya njia hupita juu ya mawe, na sehemu hupita chini ya jabali, ambako hakupitiki ila bahari ikipwa. Pabaya ni ghuba ya tatu. Ukishaingia, hakuna pa kupandia mpaka utokee upande wa pili, na huo ni mwendo wa dakika arobaini.

Waongozaji hujua kupwa na kujaa kwa bahari kwa kuhesabu siku za mwezi. Kila siku bahari huchelewa kwa karibu saa nzima kuliko jana yake. Basi anayejua leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama, anajua saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mwaka 1957 Ramadhani iliisha kwa mawingu. Watu wawili wakasema wameuona mwezi. Kijiji cha Hija kikasali Idi; vijiji vya jirani vikafunga siku moja zaidi. Hija akaanza hesabu yake kutoka Idi ya kijiji chake.

Siku aliyoingia ghuba ya tatu na wapimaji wanne na wabebaji sita, kwa hesabu yake ilikuwa mwezi kumi na saba. Kwa bahari ilikuwa kumi na sita. Maji yalirudi saa nzima kabla hajayatazamia.

Hija alikuwa mbele. Nyuma kabisa alikuwa rafiki yake Silima Nyange, akiwahimiza wabebaji. Mbebaji wa mwisho anasimulia kwamba maji yalipowafika kifuani, Silima alimpa bega akapanda mwambani. Alipogeuka kumpa mkono, hakumwona.

Mwili ulipatikana siku ya tatu.

"Hakuna aliyenilaumu," anasema Hija. "Shehe alisema ni kudra, nami nakubali. Lakini bahari haikusali Idi na sisi. Mie nilikuwa na macho. Ningekwenda kuitazama siku moja kabla, basi."

Kwa hiyo safari hii haulizi mwezi. Anauliza mti wake.

Jioni anakwenda kwa Bi Mwanakhamis, mjane wa Silima; Hija hajaingia kwake tangu ilipokwisha eda. Bi Mwanakhamis yuko barazani anasuka ukili wa mkeka. Hanyanyui macho.

"Umekonda, shemegi. Mkeo hakupi chakula?"

"Ananipa. Hakishuki."

"Nasikia wataka kurudi kule."

"Ukisema nisende, sendi."

"Kwani bahari yangu mie?"

Mwanamke anamaliza kipande cha ukili, anakikunja, anaanza kingine.

"Wataingia ghuba ya tatu?"

"Wataingia saa tatu na nusu, na mwisho wa kuingia ni saa nne. Ikipita hapo, tunarudi, hata mwalimu akinuna."

"Waende. Watoto wa watu wasome." Vidole vyake vinasimama. "Lakini wewe usikae mbele. Mweke huyo mwalimu mbele. Wewe kaa alipokaa mwenzio."

"Nimesikia," anasema Hija.

Siku ya pili yake anapanda maweni na kopo la chokaa. Anapiga alama nyeupe jiwe kwa jiwe, ili Mwalimu Soud aweze kutangulia bila ya kuuliza. Mikono yake imechanika, na amefika nusu tu ya njia. Safari ni Jumamosi ijayo.

Anapoulizwa anatumaini nini, anafunika kopo la chokaa.

"Nitahesabu migongo," anasema. "Kumi na minane, na wa mwalimu wa kumi na tisa. Wote wakishapanda, ndipo na mie nitapanda."