Kidole Kifupi cha Ihanja

Siku ile ya Ihanja, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Sura za watu zimeanza kunitoka, hata rangi ya ile ndoo siikumbuki tena, lakini mlio wa chuma kikigusa chuma, ti, ti, ti, nausikia mpaka leo hata nikiwa nasonga ugali. Zima hiyo grenda, uje ukae hapa karibu na kompyuta. Nina neno na wewe, na neno lenyewe si fupi.

Wakati ule nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kipya, nikapokelewa hapa hapa karakana ya Singida mjini na marehemu Fundi Kitundu. Chuoni nilifundishwa kuvuta mistari. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchora kitu chenye ukoo. Kila kipimo unakipa jina, halafu unaiambia programu kwamba huyu amezaliwa na yule. Upana wa fremu unatokana na urefu wa ngoma ya kukunjia kamba, na nafasi ya tundu inatokana na upana wa fremu. Ukibadilisha namba moja juu, wote walio chini yake wanajipanga wenyewe, kama watoto wanavyokaa sawa baba akiingia ndani.

"Zaina," alikuwa akiniambia, "kila kipimo kiwe na mzazi. Namba uliyoiandika kwa mkono tu haimjui mtu."

Nilikuwa nacheka moyoni. Nilimwona mzee anayeiogopa kompyuta, anagusa mausi kama anagusa nge. Sikukaa nikajiuliza kwa nini mtu ambaye mashine zimeshamkata mara mbili anaogopa. Ujana ni moshi, wanasema, na mimi nilikuwa nafuka kweli kweli.

Basi wakaja wachimba visima kutoka Ihanja. Alikuwa Mzee Njiku na wanawe wawili, Hamisi na Elia, mmoja wa msikitini, mwingine wa kanisani, kazi yao moja. Kisima chao kilikuwa kimekwenda chini kuliko kamba ya winchi yao ndogo, na maji walikuwa hawajayapata. Kiangazi kilikuwa kimekaza, wanawake wa pale wanaamka kwenda kuchota kwenye vidimbwi vya mbali. Walitaka winchi kubwa, yenye ngoma ndefu, na waliitaka upesi. Fundi Kitundu alikuwa anasafiri kwenda Itigi kutengeneza mashine ya kukamulia asali. Akaniambia, "Mchoro wa winchi ndogo upo. Ukuze, lakini usikate chuma mpaka nirudi."

Asiyesikia la mkuu, mwanangu, unajua mwisho wake. Ila mimi sikuvunjika guu langu. Nusura nivunje la mwenzangu, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Nilifungua mchoro, nikabadilisha urefu wa ngoma. Fremu ikapanuka yenyewe, nguzo zikasogea, matundu yakahama. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu. Halafu hesabu ikafika kwenye kidole, kila kitu kikawa chekundu, rangi ya programu inapokataa.

Kidole unakijua. Ni kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo, kinachoangukia kwenye meno ya gurudumu ili winchi isirudi nyuma. Wakati wa kushusha mtu unakiinua kwa kamba. Wakati wa kupandisha unakiachia, kinaruka jino baada ya jino, na mkono ukichoka, chenyewe kinabeba mzigo. Urefu wake ulitokana na umbali wa kutoka kwenye nguzo hadi kwenye gurudumu. Nguzo zilipohama, hesabu yangu ikajifunga, hiki kinakitegemea kile, na kile kinakitegemea hiki. Nilihangaika nacho asubuhi nzima. Nikigusa hapa, pale panakuwa pekundu.

Mchana nikachoka. Nikaufuta ule uhusiano wa kidole na nguzo, nikaandika kwa mkono namba ya winchi ndogo. Wekundu ukatoweka. Mchoro ukawa safi, unapendeza, ungeweza kuuweka ukutani.

Kosa halikuondoka. Nilichoondoa ni kengele tu, na nilijua. Hapo ndipo pa kushika. Kuna kitu kidogo kilinichoma kifuani, nikakiambia kinyamaze, kwa sababu welda alikuwa mlangoni anasubiri, na nilitaka Fundi Kitundu akirudi aikute winchi imesimama na watu wanalitaja jina langu. Nikakata chuma. Tulipomaliza kuchomelea nikaijaribu kwa ndoo tupu, ikashika. Nikasema, basi, si unaona?

Siku ya tatu nilikuwa Ihanja. Tulifika jua likiwa limeshapanda, tukaifunga winchi juu ya kisima. "Shikamoo mzee," nikamwambia Mzee Njiku, naye akaitika, "Marahaba, binti yangu," akaipiga ile fremu kibao kama mtu anayempongeza ng'ombe. Akanitania. "Nasikia imechorwa na sanduku. Sanduku linajua kisima?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akaingia ndani ya ndoo, wanawe wakashika hendeli huku na huku, kidole kikainuliwa, akashuka kwenda kutazama mwamba. Nilichungulia nikaona utosi wake unadidimia gizani mpaka ukapotea.

Baadaye akatikisa kamba. Wakaachia kidole, wakaanza kumpandisha.

Ti, ti, ti.

Mwanangu, winchi ndogo ilikuwa inasema ko, ko, ko. Sauti nzito, ya chuma kinachokaa hadi shinani mwa jino. Upepo wetu huu wa Singida unaujua, ulikuwa unavuma tangu asubuhi, ukatulia kidogo, nami nikasikia. Nikainama. Nguzo ilikuwa imesogea kama ilivyotakiwa, lakini kidole kilibaki na urefu wake wa zamani. Kilikuwa kinagusa ncha za meno tu. Kati ya kidole na shina la jino niliona mwanga.

Na wale ndugu walikuwa na desturi yao. Wakishapandisha kiasi, Hamisi husema "Kaa!", wote wawili huachia hendeli, wanatema mate viganjani, wanabadilishana upande. Mzigo hubaki kwenye kidole. Walikuwa wamefanya hivyo miaka yote na winchi ndogo, na baba yao akining'inia huko chini bila wasiwasi.

Nitakuambia jambo linaloniaibisha, usilitangaze. Nilikuwa na hofu mbili. Moja ilikuwa ya mtu aliye ndani ya kisima. Ya pili ilikuwa ya jina langu, maana watu walikuwa wamejaa pale, na kama ningefungua mdomo wote wangejua kuwa yule binti wa kompyuta ameharibu. Na kwa kitambo, mwanangu, hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nilisimama. Nikawa najiambia labda leo hawatapumzika, labda watampandisha moja kwa moja, halafu nitalirekebisha kosa kimya kimya.

Hamisi akavuta pumzi. "Kaa!"

"Msiachie!" nikapiga kelele. "Kidole ni kifupi! Nimekosea mimi! Msiachie!"

Hamisi alikuwa ameshaachia. Elia alibaki peke yake, hendeli ikamburuta nusu mzunguko, miguu yake ikachimba mchanga mpaka ukingoni. Hamisi akaruka akaidaka. Mimi nami nikaidandia, nikalala juu yake kwa kifua. Kutoka chini tukasikia sauti, "Nyie! Kuna nini huko juu?" Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu. Tukazungusha bila kupumzika, na kila ti niliyoisikia niliona ndiyo ya mwisho. Ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye ile hendeli.

Alipotoka, vumbi tupu hadi kwenye kope, nikamwambia "Shikamoo." Nilikuwa nimeshamsalimia asubuhi. Ni hofu iliyonisemea. Hakuitika.

Akatazama kidole, akakibonyeza kwa dole gumba, kikacheza. Akaagiza ndoo ijazwe mawe, uzito wa mtu mzima, ishushwe kidogo, kisha wote waachie. Wakaachia. Ikashika. Nakwambia ikashika, na mimi nikapumua, nikaanza hata kufikiri kwamba nimejidhalilisha bure. Kisha ikasema ti moja ndogo, hendeli ikawa haionekani kwa kuzunguka, na mshindo wa mawe ukatufikia kutoka chini baada ya kitambo. Mama mmoja akaanza kulia.

Mzee Njiku alikaa chini palepale. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko fimbo.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Nilitaka kusema, "Sasa hivi." Lilikuwa jibu zuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Nikashindwa.

"Tangu siku ya kuchora, mzee. Nilijua pana kitu, nikanyamaza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kisima hakinitishi, binti. Nimezeeka nacho. Mwamba ukitaka kuanguka unatoa chembe kwanza, unaniambia. Wewe ulitoa chembe gani?" Akasema, "Nenda katengeneze. Ukirudi, utashuka wewe kwanza."

Fundi Kitundu aliporudi nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliufuta mchoro wangu mzima mbele yangu, akasema, "Anza na ngoma." Nikaanza upya, kipimo baada ya kipimo, na kila nilichokiandika aliniuliza, "Mzazi wake nani?" Kilipokuja kidole, nilimjibu nikiwa nalia.

Na nilishuka, mwanangu. Niliingia kwenye ile ndoo, mbingu ikanipungukia mpaka ikawa ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Huko chini kuna baridi, na unausikia moyo wako. Halafu wakaanza kunipandisha. Ko, ko, ko. Katikati ya njia Hamisi akasema "Kaa!", nikajua wameachia, mikono yote miwili kila mmoja, na hakuna kinachonishika duniani ila namba nilizoziandika. Nilifumba macho. Nilikaa pale nikining'inia juu ya namba zangu mwenyewe.

Mzee Njiku alinipa mkono kunitoa. "Sasa unajua kuchora," akasema.

Kwa nini nakuambia leo? Mchoro wako wa winchi ya Mgori niliufungua jana. Umejifunza haraka kuliko mimi, na ni mzuri, hauna wekundu hata chembe. Ila mna namba moja imekaa peke yake, haina mzazi. Sikuigusa, na sitakuambia ni ipi, kwa sababu nadhani unaijua. Nimekuona siku mbili hizi huli vizuri.

Mficha maradhi kilio humfichua, na katika kazi yetu kilio ni cha nyumba ya mtu mwingine. Wekundu kwenye kompyuta si adui yako. Ni chembe ya mwamba inayokuambia uondoke. Mchoro ukikushinda, niite, hata mara kumi, hata nikiwa nimenuna. Usiandike namba ili mchoro unyamaze. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema kabla mtu hajavuta pumzi ya kusema "Kaa". Aibu ya kusema nimeibeba na nimezeeka nayo vizuri tu. Ile nyingine, ya kunyamaza mpaka mtu akaanguka, nisingeiweza.

Mungu akupe mikono mizuri na macho yasiyochoka. Akupe na woga, mwanangu, woga unaokuja mapema, ukiwa bado umekaa kwenye kiti, na hakuna mtu ndani ya ndoo.

Haya, washa kompyuta. Nionyeshe ni ipi.