Tuta la Anisia

Kama hujawahi kumchukia mtu mpaka ukisonga ugali unaona unamsonga yeye, basi wifi yangu Anisia hutamwelewa, na mimi sina muda wa kukuelewesha. Mimi nilimwelewa. Jilala alimfukua kaka yangu.

Sisi tunakaa ukingoni mwa mbuga, upande huu wa Kharumwa, ambako ardhi ni nyeusi na tambarare, na maji yakija hayana haraka ya kuondoka. Tunalima mpunga kwenye majaruba. La jirani yetu Jilala liko juu kidogo, la kwetu chini yake, na katikati kuna tuta la mpaka. Kaka yangu Deusdedit ndiye aliyemwoa Anisia, akamtoa kwao Ushirombo, mwanamke mfupi, mwimbaji wa kwaya, mwenye mikono ya kulima kuliko wanaume wengi. Nilipoachika nikarudi kwa kaka na Luka wangu, Anisia alinipokea bila kununa, akamlaza Luka na Limi wake mkeka mmoja. Wifi wa namna hiyo ni wachache, nakwambia. Kisha kaka akaugua kifua, akafa. Tulimzika uani kama tunavyozika sisi, kaburi tukaliacha la udongo, tukasema mwaka ukiisha tutalijengea.

Udongo haujakauka, ikaja ile mvua ya radi iliyofunga mbuga nzima. Jilala akaona jaruba lake linafurika, maji yanalifuata zizi. Akachukua jembe akakata tuta la mpaka, pengo kubwa la kupitisha mkokoteni. Hakusema hodi, hakutuma mtu. Maji yote yakatushukia.

Anisia akapiga mwano. Kwetu mwano ni yowe, na yowe lina sheria yake: ukilisikia, unatupa hata mwiko, unakimbia. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya korongo wakiwa wamejifunga mifuko ya nailoni vichwani. Jilala alikuwa karibu kuliko wote. Nilimwona kwa macho yangu, kasimama chini ya paa lake, jembe bado mkononi, anatutazama. Hakuja, mshenzi yule. Maji yalipopungua, kaburi lilikuwa shimo tupu, na sanduku la kaka yangu lilikuwa limeegemea ua wa minyaa, kifuniko kimebanduka.

Mtu kuzikwa mara mbili! Mara ya pili walikuja wachache, wameziba pua na vitenge, na hakuna aliyelala matanga. Anisia alimfunika mumewe kwa kanga zake za harusi, tukamzika upya kwenye mwinuko nyuma ya nyumba. Hakutoa chozi. Hapo ndipo nilipojua kwamba Jilala ana kazi.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimwita, wakaamua atoe mbuzi. Anisia akasimama mbele ya watu wote.

"Mbuzi mleni wenyewe," alisema. "Mimi nataka apige magoti kwenye kaburi. Amtaje Deusdedit kwa jina, aseme: nilikata tuta, nikasikia mwano, nikakaa. Akisema hivyo yamekwisha."

Jilala akacheka. Alicheka, Mungu ananisikia! "Nimpigie magoti maiti? Maji hayana mwenyewe, Mama Limi. Kamlalamikie aliyeyanyesha."

Tangu siku hiyo, kanisani tukisali Baba Yetu, tukifika kwenye kuwasamehe waliotukosea, Anisia alikuwa anafumba mdomo. Anasubiri wenzake wapite, kisha anaendelea na 'usitutie katika kishawishi'. Nami nilikaa pembeni yake nikafumba wangu. Katekista alituona, akatukoholea. Akohoe tu, kaka hakuwa wake.

Kiangazi kilipoingia, Anisia akaita vijana wa bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma, wanarusha majembe hewani na kuyadaka. Watu huwaita kulima shamba. Yeye aliwaita kuinua tuta la mpaka. Alichinja mbuzi wake wawili, akasonga ugali wa kushiba kijiji, akawaambia: "Liinueni mpaka Jilala akinitaka anitafute kwa ngazi." Ngoma ikalia, na mtunzi wao, mtoto wa watu asiye na adabu, akatunga papo hapo: "Jilala ee, maji hayana mwenyewe, ila tuta lina mama yake!" Wanawake tukapiga vigelegele. Jilala alipita na ng'ombe zake, kainamisha kichwa. Siku ile nililala nimeshiba kuliko nyama niliyokula.

Lile halikuwa tuta, lilikuwa boma. Anisia aliacha mlango mmoja tu wa maji, akauziba kwa viroba vya mchanga, vilevile ambavyo marehemu alikuwa anabebea mawe machimboni. Jilala akaenda kushitaki kwa sungusungu. Wakamwambia tuta ni la mwenye jaruba, aliinue apendavyo. Haya sasa!

Mvua ikaja mpunga ukiwa umeshainamisha vichwa. Mchana ule wingu lilitoka upande wa ziwa, jeusi, radi zinapiga mfululizo. Anisia alilitazama akatabasamu. Alichukua panga, akaenda kusimama juu ya mlango wake wa viroba, nami nikamfuata. Maji yalikuja kutoka juu ya mbuga kwa upana, yakagonga tuta, yakarudi nyuma. Yakapanda kwenye jaruba la Jilala, yakaingia zizini, yakafika ukutani mwa nyumba yake ya tofali za udongo.

Jilala akaja anavuka, maji kifuani. "Mama Limi, fungua!"

"Kaburi liko kule," Anisia alisema, akimwonyesha kwa panga.

Jilala alimtazama, akaangalia nyumba yake, kisha akapanda tuta na kwenda. Nilimfuata ili nihakikishe, asije akatudanganya. Alipiga magoti kwenye tope. Akasema, "Deusdedit, nilikata tuta. Nilisikia mwano, nikakaa." Alikuwa analia, au ilikuwa mvua, sijui na sijali. Nilifurahi. Nilitamani kaka afufuke dakika moja amwone.

Akarudi mbio. "Nimesema! Mama Luka ni shahidi! Fungua!"

"Kasema," nilimwambia wifi.

"Vizuri," Anisia alisema. "Sasa rudi nyumbani kwako, Jilala. Kasimame chini ya paa lako."

Nilidhani anamtania. Anisia hakusogea kwenye viroba vyake. Na hapo ndipo ukapigwa mwano, sauti ya Nelly, mke wa Jilala. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa umeanguka, naye alikuwa juu ya kichuguu na wajukuu wake, mmoja mgongoni, wengine kawashika mikono, na kichuguu kinamong'onyoka. Watu walikusanyika ng'ambo, lakini korongo lilikuwa limejaa, hakuna wa kuvuka. Upande huu tulikuwa sisi tu.

"Wifi, mwano huo."

"Nausikia."

"Kuna watoto!"

"Nimesema nausikia."

Mayu wane, mama yangu! Nilimwangalia usoni, nikaona mtu kasimama anatazama wenzake wanazama, kashika chuma mkononi. Huyo mtu nilishamwona, na hakuwa Anisia.

Nikapiga magoti nikashika kiroba cha kwanza. Akainua panga. "Ukikivuta hicho, Mama Luka, kaka yako umemtupa kwenye maji wewe mwenyewe."

Nikakivuta. Hakunikata. Jilala akavuta cha pili kutoka upande wake, tukavuta vyote, na maji yakapita baina yetu kwa nguvu mpaka yakaniangusha. Yaliingia kwenye mpunga wetu yakaulaza wote, msimu mzima, chakula cha watoto wake na wangu. Kile kichuguu kilibaki kimesimama na watu wake juu. Anisia alirudi nyumbani bila kugeuka.

Tangu siku ile hasemi na mimi. Chumvi ikiisha anamwambia paka. Sikumlaumu, nilijua itapita. Jilala naye, kila akiniona ananisalimia kwa heshima kama mimi ni mama yake mzazi. Simwitikii. Niliwatoa wajukuu wake majini, yeye sikumtoa moyoni.

Mwezi uliopita tukafanya kumbukumbu ya marehemu. Padri alikuja akabariki kaburi, tumelijengea kwa saruji, limependeza. Jilala alikuja na Nelly wake. Hakuna aliyewafukuza, ila hakuna aliyekaa nao, walikaa kwenye mkeka peke yao kule mwisho wa ua. Sisi ndugu tulitandikiwa jamvi karibu na kaburi. Nikaenda na sahani yangu, mimi, dada wa marehemu, tumbo moja, nikamkuta Anisia anapakua. Akaacha kupakua. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

"Kwako si hapa," alisema, na kila mtu akasikia. Akanyoosha upawa kuelekea ule mkeka. "Nenda kakae na mwenzio."

Nikaenda. Nelly akasogea kunipa nafasi, na Jilala akanishikia sahani nikikaa.