Krimu ya jua ilivyoniumbua ofisini

Leo bosi ameniamuru niende hospitali, na mimi ni buheri wa afya!

Wiki ya pili sasa natunza ngozi, kimyakimya. Asubuhi nanawa uso kwa sabuni laini, napaka mafuta, kisha krimu ya kukinga jua. Basi.

Leo nimechelewa kutoka nyumbani Ganjoni. Krimu nikaipaka mbiombio, hata kioo sikukitazama.

Kufika kazini, bosi wetu Bi Zuhura akashtuka.

"Mwanangu, mbona uso mweupe hivyo? Hebu nenda hospitali sasa hivi!"

Ofisi nzima ikageuka.

Ikabidi nikiri. "Siumwi, Bi Zuhura. Ni krimu ya jua."

Jamani, walivyocheka! Mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Saa ya chakula nanawa uso msalani, Mzee Kombo wa stoo akaingia, akafunga mlango.

"Kijana, imebaki? Hili paji langu jua limelimaliza."

Nikaitoa krimu mfukoni, nikampaka kidogo kidogo mpaka ikaingia vizuri. Akajitazama kiooni, akaguna kwa raha.

Nafungua mlango tutoke, nje wamesimama wawili wengine, wanangoja zamu yao.

Wanaume wenzangu, nyinyi mnapaka nini? Semeni kweli!