Bunduki ya Mwau, Mkono wa Kalondu

Kalondu wa Mukuyuni alizaliwa na mkono wa kushoto wenye akili kuliko wa kulia, na watu wa kwao hawakumsamehe hilo. Mama yake aliufunga ule mkono kwa kamba ya mkonge kila saa ya kula. Mwalimu wa darasa la pili aliupiga kwa rula mpaka Kalondu akaona shule na yeye basi, akaenda zake na herufi chache, zile za kuandikia jina. Shule ikapoteza mtoto, waya zikapata fundi.

Maana kazi yake ilikuwa kutia waya kwenye mbao. Kigoda cha mzee wa Kikamba, kile cha miguu mitatu, hakijawa kitu mpaka kikalio chake kizungushwe waya ya shaba, kuanzia katikati na kupanuka hadi pembeni. Mafundi wote waliojulikana walizungusha kwenda kulia. Za Kalondu zilikwenda kushoto, kwa sababu ndiko mkono wake ulikotaka kwenda.

Tatizo ni kwamba siku zile mwanamke hakutakiwa hata kukikalia kigoda cha mzee, sembuse kukitengeneza. Kwa hivyo Kalondu alitengeneza, na mumewe Mbithi akapeleka sokoni. Miaka thelathini na mmoja Mbithi alisifiwa Mukuyuni, Kasikeu, mpaka Kitui mjini, eti ana mikono ya ajabu. Mikono hiyo ya ajabu haikuweza kugonga msumari bila kugonga kidole. Alipokufa, mhubiri alisimama kaburini akasema leo tumezika ufundi. Kalondu alikuwa amesimama hapo hapo, nta ya kazi imekauka kwenye kucha zake, akalia kwa sababu mbili.

Sasa Mwau. Huyu Mwau alikuwa na duka la mabati na saruji, nyumba ya ghorofa huko juu Kilungu, kiti cha mbele kanisani, na bunduki. Bunduki yenyewe ilikuwa ya mitutu miwili, ya zamani, aliyoirithi kutoka kwa Mzungu mmoja ambaye baba yake Mwau alimpikia miaka mingi. Leseni ilikuwepo, kila kitu sawa. Ila katika maisha yake Mwau alikuwa amepiga risasi moja tu, akimlenga nyani kwenye maembe, na risasi hiyo ikatoboa tanki lake mwenyewe la maji. Tangu hapo aliiita bunduki yake ya ukumbusho, na hakuipiga tena.

Alikuja kwa Kalondu asubuhi moja na kitako cha mbao cha ile bunduki na yale mabamba mawili ya chuma ya ubavuni, vimefungwa kwenye taulo. Mitutu aliiacha nyumbani kwenye sanduku la chuma.

"Mama Ben," akasema, "nasikia Mbithi alikuachia patasi zake."

"Patasi aliacha. Mikono hakuacha, kwa sababu hakuwa nayo."

Mwau akacheka, akidhani ni mzaha wa mjane. Akatoa simu, akamwonyesha picha za bunduki za Ulaya, zile ambazo watu wenye pesa hununua ili wazitazame. Kulikuwa na mbwa wanakimbiza bata, kulungu ndani ya majani, mizabibu ya dhahabu imelala ndani ya chuma kama imeota humo. Kulikuwa pia na wanawake wa Kizungu wasio na nguo, na hao Mwau aliwapitisha haraka kwa kidole, akiwa mzee wa kanisa.

"Rudisha nyuma," Kalondu akasema.

"Kwa hao wanawake?"

"Kwa huyo bata, Mwau."

Akamtazama bata kwa muda mrefu. Kila unyoya ulikuwa umekatwa peke yake, mistari myembamba kuliko nywele, na hakuna mstari uliomgusa mwenzake. "Huyu aliyechonga hivi," akasema, "haoni vizuri siku hizi. Na shingo inamuuma upande mmoja." Hakumjua jina wala nchi, lakini alimjua.

Mwau alitaka nyati. Nyati mkali, macho ya dhahabu, upande mmoja. Upande wa pili kanga. Na kitako kizungushwe waya ya shaba. Siku ya shukrani yake, akitimiza miaka sabini, angeionyesha kwa wageni.

"Uliwahi kuua nyati?" Kalondu akauliza.

"Nyati ni nyati tu, mama."

"Nilidhani utataka tanki."

Mwau hakucheka hiyo. Wakapatana bei, na bei haikuwa na shida. Kisha Kalondu akaweka mkono wake wa kushoto juu ya taulo, Mwau asiweze kulichukua tena.

"Kuna jingine. Siku utakayoionyesha, utasema ni nani ameifanya. Kwa mdomo wako, mbele ya watu. Usiseme ni mke wa Mbithi. Useme Kalondu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hilo ni dogo sana, mama," Mwau akasema, na kwake kweli lilikuwa dogo, ndiyo maana alilisahau kabla hajafika barabarani.

Miezi mitano Kalondu aliinama. Chuma cha ile bunduki kilikuwa kigumu cha kiburi, kikamvunjia patasi mbili kabla hajaipata iliyokiweza, patasi aliyoifua mwenyewe kutokana na tupa kuukuu. Bamba alilikaza kwenye nta ya nyuki lisicheze. Nyati alimchonga kwa kumbukumbu, maana alikutana naye akiwa msichana, upande wa Chyulu, akakaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka saa nane nyati akimngoja chini. Sura kama hiyo haisahauliki.

Waya ya kitako ilikuwa kazi ya raha. Mfereji unachimbwa mwembamba mdomoni na mpana tumboni, kama chungu. Waya inalazwa humo, inagongwa polepole kwa nyundo ndogo mpaka inanenepa, na ikishanenepa ndani haitoki mpaka mbao ioze. Kwenye chuma ni vivyo hivyo, ila unagonga na kuomba. Dhahabu ya macho Mwau aliileta mwenyewe, kidonge kilichopondwa, kimefungwa kwenye kitambaa. Kalondu alishangaa ni nani huponda dhahabu kwa nyundo ya mawe. Hakuuliza. Watu wa saruji hawajui vitu vyembamba.

Wakati huo huo, Kavindu mke wa Mwau alipoteza mkufu wake wa dhahabu, alionunuliwa na dada zake alipofunga ndoa. Akina mama wa kanisa waliomba Jumanne tatu mfululizo, mwizi asipate usingizi, mkono wake ukauke. Kalondu alikuwepo zote tatu, na aliomba kwa sauti kuliko wote, kwa sababu hapendi wezi.

Kazi ikaisha. Mwau akaja, akatazama kama aliyepigwa kofi. Akalipa yote palepale na kuondoka na taulo lake.

Siku ya shukrani, Kalondu alivaa gauni la bluu la Pasaka na viatu vinavyombana. Alipanda mpaka Kilungu kwa miguu kutoka njia panda, akipumzika kila kona, huku akijifanya anatazama maparachichi ya watu. Alikuwa na miaka sabini na minne na hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina lake kwenye kipaza sauti, isipokuwa kwenye mazishi, kusema mjane asimame.

Walimweka hema la nyuma, karibu na sufuria. Mbele, kwenye zulia, Mwau alikaa kwenye kigoda cha baba yake, amevaa suti yenye mkia. Kando yake alikaa Pasta Ndolo, na upande wa pili Inspekta Fahim, Mswahili wa Kitui mjini, mwenye kushughulikia leseni za bunduki za sehemu ile. Mwau alimwalika ili watu waone anakula na serikali.

Baada ya nyimbo, Mwau akasimama na kipaza sauti, akafungua sanduku. Bunduki ikatoka, haina risasi, jua likapiga ile shaba, na watu wote wakavuta pumzi. Kalondu akakaa wima. Akavua kiatu kimoja, akakivaa tena.

"Hii kazi mnayoiona," Mwau akasema, "haipatikani Afrika. Hii bunduki niliipeleka Italia. Kuna fundi huko, familia yao wamechonga miaka mia tatu. Ilikaa kwake miezi mitano. Hata dhahabu ya macho, ni ya Italia."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja karibu na sufuria akasema, "Aki Wazungu," na Kalondu akajisikia kama siku ya kaburi, nta kwenye kucha, mhubiri akizika ufundi wake pamoja na mtu mwingine. Safari hii alikataa kulia. Akasimama, akaanza kupita katikati ya viti.

Lakini Inspekta Fahim alikuwa amesimama kwanza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa kushukuru chakula kabla ya kuuliza maswali. Akaichukua bunduki, akatazama namba yake.

"Hongera, mzee. Namba ndiyo ile ile iliyo kwenye kitabu changu. Ilitoka nchini lini?"

"Mwaka jana hivi."

"Kwa kibali kipi? Maana bunduki haiendi Italia kama barua. Kutoka ni kibali, kurudi ni kibali, na vyote vingepita mezani kwangu."

Mwau akatabasamu kwa meno ya mbele peke yake. "Nilikuwa nasema tu Italia, Inspekta. Kupamba maneno."

"Sawa. Imefanyiwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Na nani?"

"Fundi tu. Wa hapa."

"Mzee, sina haraka," Fahim akasema, "lakini nikikosa jina, hii naondoka nayo leo, na leseni nayo."

Hapo Mwau akamwona Kalondu, amefika ukingoni mwa zulia. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja na kumjia akiwa ameinama, na kwa mara ya kwanza hakumwita Mama Ben.

"Mwaitu," akanong'ona, maana mtu akikwama hukumbuka kumwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, mwambie huyu afisa ni wewe."

"Mimi simwambii mtu. Tulipatana nani atasema."

"Nitakuongeza."

"Ulishanilipa. Toa kiganja kwenye hiyo kitu, useme."

"Watu wote hawa, mwaitu."

"Ndio hao hao. Nilipanda mlima kwa ajili yao."

Mwau akatazama bunduki, akamtazama Fahim, ambaye alikuwa ametoa kalamu. Akatoa kiganja.

"Aliyeifanya," akasema, na hata hema la nyuma likasikia, "ni Kalondu. Wa Mukuyuni."

Pasta Ndolo akacheka kidogo, kwa upole wa kuudhi. "Mzee anamaanisha patasi za marehemu Mbithi. Mbithi ndiye alikuwa na mkono."

"Na mimi nahitaji kuwa na hakika," Fahim akasema. "Mtu aliyebanwa hutaja jina lolote. Mama, unanionyesha vipi?"

Kalondu alielekeza kidole kwenye kigoda alichokuwa amekalia Mwau, akamwambia Fahim aweke kitako cha bunduki kando yake. Fahim akachuchumaa, suruali yake safi kwenye vumbi. Waya ya kigoda ilikwenda kushoto. Waya ya bunduki ilikwenda kushoto.

"Mbithi alikufa miaka kumi na miwili iliyopita," Kalondu akasema. "Labda alifufuka akatia waya akarudi. Pasta ndiye anajua mambo hayo. Lakini Mbithi alishika kijiko kwa mkono wa kulia, na nyote mlikula naye. Nani hapa alipigwa rula kwa ajili ya mkono wa kushoto?"

Mzee mmoja upande wa wanaume akasema polepole, "Kigoda changu pia kinakwenda kushoto." Mwingine akasema na chake. Pasta Ndolo akakumbuka kigoda kilichoko sebuleni kwake, na hakucheka tena.

Fahim akaandika, akamwonyesha daftari. Kalondu alisoma herufi moja moja, bila haraka, watu mia mbili wakimngoja na pilau inapoa. Jina lilikuwepo lote. Akakubali kwa kichwa.

Angekuwa amemaliza hapo. Lakini Kavindu, mke wa Mwau, alikuwa ameinuka kwenye kiti chake, sahani mkononi.

"Kama haikwenda Italia," akauliza, "hiyo dhahabu ya macho ilitoka wapi?"

Mwau akatazama vilima vya Kilungu kana kwamba ndio kwanza vimeletwa. Kalondu alikumbuka kile kidonge kilichopondwa, zile Jumanne tatu, na sauti yake mwenyewe ikiomba mkono wa mwizi ukauke. Akautazama mkono wa Mwau. Ulikuwa mzima, bado umeshika kipaza sauti.

"Aliniletea yeye," akasema. "Imepondwa kwa nyundo ya mawe, isitambulike."

Kavindu akaweka sahani chini taratibu. "Itoe, Kalondu."

"Haitoki, dada yangu. Niliigonga ikanenepea humo. Kuitoa ni kumvunja nyati."

"Basi na mimi niandikwe."

"Nafasi ipo," Fahim akasema, akageuza ukurasa.

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, na Kavindu akakisukuma kwa kidole kuelekea mdomo wa mumewe. Mwau akaanza, "Na dhahabu," akakohoa, akaanza upya. Kwa kuwa yeye alikuwa amesimama, kigoda kilikuwa wazi. Kalondu akakizungusha kidogo, akakaa juu ya waya zake mwenyewe mbele ya wazee wote, akavua viatu vyote viwili, akamwomba pasta amsogezee pilau.