Wifi Sekela na Maswali ya Ukutani

Mimi Bupe nina mdomo. Nimeambiwa tangu shule ya msingi na sibishi. Nimegombana na wauza mbolea, nimegombana na mzee wa kanisa, na mume wangu wa zamani ukimuuliza atakwambia mengine. Lakini katika maneno yote niliyowahi kusema, yapo mawili tu ninayotamani kuyarudisha, na niliyasema kwa sauti ya kawaida kabisa huku namenya viazi.

Yanamhusu wifi yangu, Sekela. Ni mke wa kaka yangu Lusekelo, dereva wa lori anayepita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, mtu wa kuonekana nyumbani siku tatu kwa mwezi. Sekela alipoolewa kwetu Uyole, miaka saba sasa, alikuwa mhudumu tu wa zahanati, wa kufagia na kuchemsha vifaa. Akaenda Iringa kusomea uuguzi. Miaka mitatu. Akarudi na gauni jeupe, tukapiga picha, tukachinja jogoo wawili, nikacheza mpaka kiatu kikakatika.

Halafu ukaja mtihani wa leseni. Ndugu zangu, nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kumaliza chuo na bado asiwe muuguzi. Kumbe bila leseni hata kama umezalisha wanawake mia, huruhusiwi kumchoma mtu sindano. Sekela akafeli. Alama nne tu zilimwangusha.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikambatiza jina: Muuguzi wa Picha. "Muuguzi wa Picha, njoo uchote maji." Yeye alikuwa anacheka, au mimi nilidhani anacheka. Mawifi ndivyo tulivyo, tunataniana mpaka tunaumizana.

Kilichomtesa zaidi ni Igowole. Kituo kimoja cha afya kule Mufindi kilikuwa kimemwahidi kazi. Mganga mfawidhi alimpigia simu mwenyewe: "Dada, tutakusubiri mpaka matokeo ya awamu ijayo. Yakipita hayo bila leseni, tutachukua mwingine." Miezi mitano. Sekela aliandika tarehe ya mtihani kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na kila nilipofunga mlango ilikuwa inanitazama.

Tatizo lake halikuwa kazi. Kazi aliijua. Tatizo lilikuwa Kizungu cha maswali yale. Swali refu mistari sita, majibu manne, yote yanaonekana mazuri, halafu wanakuuliza kipi utafanya kwanza. Kwanza! Sekela alikuwa anasoma anafika mwisho ameshasahau mgonjwa ni mwanamume au mwanamke.

Na ndani ya nyumba ileile alikuwepo mtu wa kumsaidia. Baba yangu, Mwalimu Andendekisye, amefundisha Kiingereza miaka thelathini na nane kabla ya kustaafu. Watu wazima wa Uyole wakimwona bado wanaficha mikono mifukoni. Shida ni kwamba Sekela alikuwa mkwe wake.

Kwetu Wanyakyusa tulioshika mila, mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami, hampi mkono, hawakai chumba kimoja. Baba akifika getini anakohoa, Sekela anaingia jikoni. Wakikutana njiani, Sekela anaacha njia anaingia kwenye migomba ya watu. Siku hizi nyumba nyingi wameshaacha, wanakaa meza moja wanakula wali na kucheka. Kwetu, hapana. Na aliyeshikilia kuliko wote hakuwa baba. Nilikuwa mimi. Mama alipofariki, na mimi nimesharudi nyumbani na mabegi yangu kutoka kwa mume, nilihitaji cheo. Nikajipa cheo cha kulinda heshima ya nyumba.

Baba akapata akili yake ya kialimu. Siku moja Sekela yuko jikoni na karatasi za mitihani ya zamani, zile alizotoa kopi dukani kwa Bhavin mjini, analia kimyakimya. Mara tukasikia sauti kutoka sebuleni, upande wa pili wa ukuta: "Bupe, niletee hizo karatasi." Nikampelekea. Akavaa miwani, akakaa kwenye kiti chake, mgongo kwa pazia, akasema kwa sauti ya darasani: "Ewe ukuta! Swali la kwanza."

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini alikuwa hatanii. Akasoma swali kwa Kiingereza, akalivunja kwa Kiswahili. "Ewe ukuta, mama amejifungua, damu haikomi. Unafanya nini kwanza?" Sekela, naye akiutazama ukuta, akasema kwa aibu, "Naita msaada, huku nasugua kizazi kibane." Upande wa pili baba akagonga tofali kwa kifundo cha kidole mara mbili. Ko, ko. Ndiyo ilikuwa alama ya kupata.

Ikawa hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Akikosea, baba hagongi, anasema, "Ukuta unakimbilia dawa. Mtazame mtu kwanza, ukuta. Mtazame, ndipo utende." Sekela akawa anayaandika maneno hayo kwenye kiganja: mtazame kwanza. Akaanza kupata maswali saba kwa kumi, halafu nane, halafu tisa. Siku ya kwanza alipopata yote kumi, alisema "ndaga fijo, tata" kwa ukuta, asante sana baba, na baba akajibu kwa kukohoa.

Mimi je? Nilianza kuchoka. Kusema kweli nilikuwa na wivu. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa na hajawahi kukaa saa nzima kunifundisha kitu. Na wakati wao wanaulizana, maharage nachambua mimi, moto nachochea mimi, ng'ombe namkatia majani mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwezi wa tatu, mvua imekata asubuhi na kibaridi kile cha Uyole kimebaki. Zilibaki wiki sita mtihani ufike. Baba alikuwa amefika swali la tano. Akaanza kulisoma, akalirudia, akalirudia tena, na mara ya tatu maneno yakawa yanateleza, yanavutana, hayaishii. Tukasikia karatasi zinadondoka.

"Tata?" Sekela akauambia ukuta. "Umesemaje?"

Ukuta haukujibu.

Akasimama. Uso ulikuwa umembadilika. "Wifi, nenda haraka kamtazame. Mtazame mdomo kama umenyooka. Mwambie ainue mikono yote miwili. Nenda, wifi!"

Mimi nina beseni la viazi mapajani. "Mimi si mwanafunzi wako, Muuguzi wa Picha," nikasema. Lakini nikaenda. Nikafunua pazia, nikachungulia. Baba ameegemea upande mmoja wa kiti, kichwa kimeinama, miwani imeshuka puani. Mzee wa miaka sabini na moja, ameshiba, kuna baridi. Nikarudi.

"Yukoje?"

"Amesinzia."

"Mdomo je?"

"Uko sawa. Aka! Umemchosha na maswali yako. Mwache apumzike."

Ndiyo hayo. Mwache apumzike.

Sekela hakuniamini. Alienda mpaka kwenye pazia, akalishika. Nikamfokea, Mungu anisamehe, nikamfokea kwa sauti ya mama mkwe asiyekuwepo: "Wee! Una wazimu? Unataka kumvunjia baba heshima ndani ya nyumba yake?" Akaliachia. Akarudi kukaa. Mara tatu akaita "tata" kwa sauti ndogo, na mara tatu nikamwambia anyamaze.

Saa tisa akaja baba mdogo Asukile kuomba jembe. Ndiye aliyetoka sebuleni anapiga kelele.

Hospitalini daktari aliuliza ilianza saa ngapi. Mimi nikawa nababaika. Sekela, aliyesimama koridoni ameupa mgongo mlango wa wodi kwa sababu hata pale alikuwa bado anashika mila, akajibu bila kugeuka: "Saa saba na robo." Daktari akatazama saa yake, akatutazama sisi, akaandika. Ningependa angetutukana.

Kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na usemi umekwenda. Mwalimu wa miaka thelathini na nane, amebaki na sauti isiyoshika neno. Waliporuhusu tumrudishe nyumbani wakauliza nani atamgeuza kitandani, nani atamlisha asipaliwe, nani atampima presha asubuhi na jioni. Tukatazamana. Ndipo baba mdogo Asukile akasema, "Mwacheni Sekela amuuguze baba yake."

Basi. Hakuna aliyepinga. Hakikuitwa kikao, hakikuchinjwa kitu. Sentensi moja ya mzee mmoja amesimama na kofia mkononi! Nilimkasirikia vibaya sana, nikajikasirikia zaidi, kwa sababu sentensi hiyo ningeweza kuiomba siku yoyote katika miaka saba.

Sekela akavuka pazia. Alikuwa anaijua sauti ya baba, kikohozi chake, viatu vyake, koti lake kwenye kamba. Uso wake aliujua kwenye picha ya ukutani tu. Uso wa kwanza aliouona kwa karibu ulikuwa umeshapinda. Alipiga magoti, akasema "shikamoo, tata," na baba akageuza macho pembeni kwa mazoea ya miaka, halafu taratibu akayarudisha.

Wiki zile sita alisomea pale kitandani. Kitanda tulikisogeza mpaka kwenye ukuta uleule. Anamlisha uji, anajisomea swali kwa sauti, anajijibu, anamtazama baba kuona kama amepatia. Macho tu ndiyo yaliyomjibu. Mara nyingine alikuwa anakosea swali jepesi, anafunga karatasi, anatoka nje na kusimama kwenye migomba. Nilijua anawaza nini. Sikwenda.

Mtihani ulifanyikia Iringa. Nilimsindikiza, baba tukamwacha na mke wa Asukile. Nilikaa nje ya ukumbi kwenye jiwe, nimeshika mkoba wake, na sala zote nilizozijua nikazimaliza. Nilikuwa najua kabisa: akifeli, Igowole imekwenda, na aliyemfelisha ni mimi.

Alipotoka alikuja kukaa kando yangu.

"Lilikuwepo," akasema.

"Lipi?"

"Mzee amekaa kwenye kiti, ghafla maneno yake hayaeleweki. Wameuliza utafanya nini kwanza. Nilijua jibu kabla sijamaliza kulisoma." Akafuta uso kwa kanga. "Majibu yalikuwa manne, wifi. Moja wameandika: mwache mgonjwa apumzike."

Sijui kama alinisema au alikuwa anasimulia tu. Nikamwambia pale pale, kwenye jiwe, watu wanapita: "Wifi, siku ile sikumtazama. Nilichungulia tu. Mdomo wake sikuuona. Nilikudanganya."

"Najua," akasema. "Nilisikia miguu yako. Iliishia kwenye pazia."

Nikabaki nafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. Mimi, Bupe.

"Na mimi nilikuwa na miguu yangu," akasema Sekela. Akachukua mkoba wake, tukaenda kutafuta chai.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia simu yake inalia sebuleni, nikasikia anasoma kwa sauti, anarudia mara ya pili kwa Kiswahili, kama baba alivyomzoesha: amefaulu. Halafu ukuta ukagongwa upande wa pili, kwa mkono wa kushoto, polepole sana. Ko. Ko.

Nikaweka kisu chini. Nikavuka pazia, nikaenda mpaka kitandani, nikainama nikamtazama baba. Mdomo wake umelegea upande wa kulia, kama bila shaka ulivyolegea siku ile. Hata asiyesoma angeuona.