Mama Pazia: Jina langu kwenye kiwanja cha mama linanikosesha nyumba

Saa tatu asubuhi, Mama Pazia yuko juu ya ngazi katika sebule isiyo na kiti hata kimoja. Amebana pini mdomoni na futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Simu inaita kwenye mfuko wa aproni yake. Haipokei.

Chini, mteja wake, daktari wa meno aliyenunua nyumba hii wiki iliyopita, anauliza mapazia yatakuwa tayari lini.

"Nipe wiki mbili, dada," anajibu baada ya kutoa pini. "Mwezi huu kila mtu anahama. Cherehani yenyewe inaomba likizo."

Simu inaita tena. Safari hii anaitazama, anashuka na kutoka nje. Ni wakili wake. Anasikiliza ameegemea ukuta, anaitikia "sawa, sawa", kisha anarudi kupanda ngazi. Upana wa dirisha ambao kwa kawaida huusoma mara moja, leo anausoma mara mbili.

Leo ni Jumatano. Keshokutwa saa tisa alasiri kaunta ya ofisi ya ardhi inafungwa. Kama jina lake litakuwa bado kwenye hati ya kiwanja cha mama yake, nyumba anayoitaka itakuwa imemponyoka.

Chanzo ni ushuru wa stempu, ile kodi anayolipa mnunuzi kabla hati haijaandikwa jina lake. Mpaka mwisho wa mwezi huu kila mnunuzi analipa asilimia mbili ya bei. Kuanzia tarehe mosi, asilimia mbili itabaki kwa anayenunua mali yake ya kwanza tu. Mwenye jina kwenye hati nyingine yoyote, ya nyumba au ya kiwanja kitupu, atalipa nane.

Ndiyo maana wenye fedha mkononi wananunua kwa pupa, na Mama Pazia hana muda wa kula.

"Nilipoisikia habari hii redioni nilipiga vigelegele peke yangu," anasema akikunja ngazi. "Nikasema, leo serikali imenikumbuka. Mimi si ndiye mnunuzi wa mara ya kwanza? Miaka kumi na minne nashona mapazia ya nyumba za watu, nikirudi naingia nyumba ya kupanga."

Nyumba yenyewe ndiyo hiyo anayopanga. Ina vyumba vitatu, bati limeanza kuchakaa, na jikoni kuna dirisha lisilofunga vizuri. Mwenye nyumba, muuguzi mstaafu, anahamia kwa binti yake na anaiuza kwa milioni thelathini. Amempa mpangaji wake mpaka katikati ya mwezi ujao awe amelipa. Nyuma yake anasubiri mfanyabiashara wa matairi mwenye fedha taslimu.

Mkopo wa chama cha akiba utatoka wiki ya kwanza ya mwezi ujao, na unatosha bei pamoja na ushuru wa laki sita. Kwa asilimia nane, ushuru ni milioni mbili na laki nne. Mwezi mzuri, akishalipa kodi ya nyumba na vitambaa, Mama Pazia hubakiwa na laki mbili. Aliomba kamati ya chama imwongezee. Ilimwambia hapana, tena kwa upole, jambo ambalo anasema lilimuuma zaidi.

Hayo yote yasingekuwa na maana kwake, kama wakili asingepekua majalada ya ardhi na kukuta jina lake.

"Akaniuliza, mama, mbona una kiwanja? Nikamwambia umekosea mtu. Akanisomea jina langu lote, hadi la babu."

Kiwanja ni cha mama yake. Baba alipofariki, mama aliandikisha mali kwa jina la binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka ishirini. Binti alitia saini alipoonyeshwa, akarudi kwenye cherehani, na jambo likaishia hapo. Familia ngapi hazijafanya hivyo? Mtoto anayeaminika anawekwa mbele kama komeo la mlango, na hakuna anayemwambia kwamba kwa sheria yeye ndiye mwenye mali.

"Sijapanda hata mchicha pale," anasema. "Ningekiitaje changu?"

Dawa ni moja. Kiwanja kirudi kwa mama, bila malipo, kabla ya Ijumaa saa tisa. Sheria inaangalia majina yalivyo tarehe mosi, na atakayejitoa baadaye atakuwa amechelewa. Karatasi ziko tayari, wakili ameshasema. Kinachokosekana ni saini ya mama, na mama hataki.

Alhamisi mchana tunamkuta bibi huyo amekaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake, kwenye kiwanja hichohicho, anachambua maharage kwenye sinia. Haachi kazi yake tunapoingia. Binti anapiga magoti mbele yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ile, jibu ni lile la jana."

"Mama, ni chako. Nakurudishia kilicho chako."

"Sikitaki."

Mwandishi wa makala haya anamuuliza bibi anaogopa nini. Bibi anatupa kijiwe pembeni, anamtazama mgeni, kisha anasema kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

"Siwezi kumkatalia mtu. Tangu utotoni. Marehemu mume wangu alikuwa akinificha kwenye chumba cha ndani wakopaji wakija. Huyu ana moyo mgumu, ndiyo maana nilimpa yeye. Kikiwa kwangu, yule mdogo wake atakuja na sauti ile yake ya chini, nami nitasaini. Nitakufa sina pa kulaza ubavu."

Mdogo mtu ni utingo wa lori, na anataka kununua hisa katika gari la bosi wake. Ameshaomba kiwanja kiuzwe, si mara moja. Kila alipoomba mama alimjibu, "Muulize dada yako." Dada alikuwa akikataa kwa niaba ya wawili.

"Si mtu mbaya," anasema Mama Pazia. "Ana haraka tu. Lakini mama anasema kweli. Nikijitoa naipata nyumba yangu mimi, na huenda nimemuuza yeye. Nikibaki, naipoteza. Usiku nalala nikijiona mwizi, asubuhi naamka nikijiona mjinga."

Machozi yanamlenga. Anayafuta kwa ncha ya futi ya kupimia, halafu anacheka, cheko kavu.

"Mama, hebu subiri. Jumatatu nilikuomba ukasema nini?"

"Hapana."

"Jana?"

"Hapana."

"Na leo nimekupigia magoti mbele ya mgeni."

Bibi anaacha kuchambua. Sinia limetulia mapajani.

"Kumbe unajua kukataa," binti anasema taratibu. "Mimi ndiye mtoto wako wa kwanza, unanipenda, na umenikatalia siku zote hizi bila kupepesa macho. Mwambie na yeye hivyohivyo."

Bibi anarudia maharage yake, na tunaondoka bila ahadi yoyote.

Ijumaa, ofisi ya ardhi imefurika. Foleni imetoka nje ya mlango na watu wamekumbatia mafaili. Mama Pazia amesimama tangu asubuhi, kila dakika anageuka kutazama barabara. Saa nane inapita. Wakili anatazama saa yake, anakohoa.

Saa nane na nusu bibi anaingia, amejifunga kitambaa kipya kichwani, mkoba kifuani. Hamsalimu mtu. Anauliza kalamu iko wapi.

Mhuri unagongwa wakati mlinzi ameshaanza kufunga mageti. Nje, Mama Pazia anakaa chini kwenye ngazi za ofisi. Mwezi ujao, mkopo ukitoka, atalipa asilimia mbili na nyumba itakuwa yake. Chumba cha nyuma anataka mama ahamie. Kitambaa cha pazia lake ameshakichagua, ila hajakikata. Hukata mteja akishaonyesha funguo, na sharti hilo hataki kulivunja hata kwa nafsi yake.

Simu ya bibi inaita ndani ya mkoba. Wanatazamana. Ni mtoto wa kiume, habari zimeshamfikia.

Bibi anaiweka sikioni. Anasikiliza muda mrefu, macho chini, na kidole kinaviringisha kamba ya mkoba. Sauti ya upande wa pili haisikiki, iko chini sana. Mama Pazia ameshika magoti yake mwenyewe kwa nguvu.

"Hapana, mwanangu," bibi anasema.

Anaziba simu kwa kiganja na kumgeukia binti yake.

"Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri, mama. Sasa rudia, hajakata simu."