Siku Nilipomshitaki Mshamu kwa Manyoya ya Kapitau

Viatu vyangu vya kwanza nilivivalia Quiterajo, siku ya Idi, ndevu sijaota bado, na nilivivaa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Alivileta mjomba wangu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, vyeusi, vinang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, akanikabidhi akaenda zake kuswali, na mimi badala ya kumuuliza mama jinsi vinavyovaliwa nikajifungia chumbani nikaisukuma miguu humo mpaka ikaingia, nikatoka nikazunguka kijiji kizima kupokea mkono wa Idi, vidole vinalia ndani kwa ndani nami natabasamu. (Vilikuwa vya kamba, na kamba nazo sikujua kuzifunga, nikazitia mfukoni.) Jioni bibi akanitazama chini akasema, "Mjukuu wangu, miguu yako leo imegombana?" Watu walicheka mpaka Idi iliyofuata.

Nawaeleza haya ili mjue mimi ni mtu wa namna gani. Kuuliza siwezi. Shuleni nilikaa kidogo nikatoka kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu akisema nani hajaelewa, mimi kimya, natazama mbele kama niliyeelewa kuliko wote. Nikakua hivyo, nikaoa pwani ya Tungue, nikazeeka, tukahamishwa kutoka ufukweni kupisha mradi wa gesi tukaletwa huku Quitunda kwenye nyumba za matofali zilizopangwa kama meno, na hata wiki ile ya kwanza nilipoingia nyumba ya watu nikavua kofia na kujilaza nikidhani ni kwangu, ilikuwa ni kwa sababu sikuuliza. Basi sungura naye alinikuta vile vile.

Alinipa Dona Celeste, mama mmoja wa Inhambane aliyekuwa akifanya kazi ofisi za serikali pale Palma. Mke wangu Tima alikuwa akimpelekea mboga. Mama yule akapata uhamisho akagawa vitu vyake, huyu kiti, yule feni, mimi nikaambulia sungura, mweupe pepe, macho mekundu kama mtu aliyetoka kulia.

"Vovô," akaniambia (ndivyo alivyoniita, babu kwa Kireno), "mpe majani, nyasi kavu zisikosekane, maji safi kila siku. Majani ya muhogo usimpe hata kidogo, yatamuua. Una swali?"

"Sina," nikasema.

Neno moja tu hilo. Laiti ningeuliza jambo moja, hata kwa aibu, nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia leo.

Nikamtia ndani ya dema langu la zamani, mtego wa kusuka wa samaki ambao tangu tuhame haujaona maji, nikamwekea na kipande cha mtungi uliovunjika ajifiche jua. Jina nikampa Kapitau, maana alikaa kifua mbele kama msimamizi wa kibarua. Asubuhi namkatia matembele na ukoka, mchana maganda ya boga, maji kwenye kopo la sadini. Tima akawa ananuna. "Mimi miaka yote hiyo hujaniuliza kama nimekunywa maji," anasema, "leo sungura anabadilishiwa maji mara mbili!" Na Kapitau akanawiri, tena akanenepa, tumbo likajaa huku na huku, nami kila alasiri nikawa nakwenda kumsifu barazani.

Baraza hilo niwaambie. Ni ukingo wa saruji mbele ya kibanda cha Amisi, muuza sabuni na chumvi, na wazee tuliotoka kijiji kimoja tunakaa pale, kila mtu upande wake kama tulivyokuwa tukikaa kule ufukweni. Nyumba za kule hazipo tena. Lakini tukijipanga kwenye saruji ile, Mshamu kushoto, mimi kulia, bao katikati, basi kwa kitambo kijiji kinarudi. Kwangu mimi mahali pale palikuwa ndiko kwetu kulikobaki.

Mshamu ni mvuvi wa mshipi, hodari, bado anadandia gari kwenda pwani na umri wake ule. Ndoana zake anazifunga manyoya meupe ya kuku, zikivutwa nyuma ya chombo nguru anadhani ni dagaa anakimbia. Siku moja alikuja kwangu akamtazama Kapitau, akampapasa kifua, akasema, "Bwana, manyoya haya laini namna hii, nguru akiyaona ataacha wanawe!" Tukacheka. Mimi nilicheka kidogo.

Sasa asubuhi moja nimetoka msikitini nakwenda kumpa Kapitau majani yake, ninaona kifua kiko wazi. Ngozi tupu! Na tumbo nalo limenywea, kapungua kwa usiku mmoja. Natazama chini, manyoya hakuna. Natazama nje ya dema, hakuna. Moyo ukaniambia Mshamu, na mimi sikumuuliza Mshamu, sikumuuliza Tima, sikumuuliza mtu. Nikangoja alasiri, nikajitwika dema kichwani pamoja na Kapitau na mtungi wake, nikashika njia ya barazani, watoto nyuma yangu, akina mama wa vitumbua nao wakaacha makaa, na sikritario wa bairo, mkubwa wa mtaa wetu, aliyekuwa anapita na pikipiki yake akasimama kuona kuna nini.

Nikalitua dema mbele ya Mshamu.

"Toa manyoya ya Kapitau."

"Manyoya gani?"

"Uliyomnyonyoa jana. Umekwenda pwani na nini leo? Mfukoni mna nini?"

Mshamu akaziweka kete chini. "Mzee mwenzangu, tumevua mashua moja tangu ujana. Mimi niingie kwako kumnyonyoa sungura?"

"Umeingia!" nikapiga kelele, na hapo watu wamejaa, nami watu wakijaa ulimi wangu haushikiki. "Tena wasikie wote. Kama si Mshamu, mimi barazani hapa siketi tena mpaka nakufa!"

Sikritario akasema taratibu, "Babu, hilo neno ungelirudisha." Sikulirudisha.

Mshamu akakunja mkono wa shati. "Haya. Nikague mimi dema lako, huenda yamo humo humo." Akaingiza mkono mpaka begani, Kapitau akapiga mguu chini kwa hasira, yeye akapapasa kwenye nyasi, akapapasa ndani ya mtungi, akatoa fumba zima la manyoya meupe.

"Mmeona!" nikaruka kama kijana. "Mwizi kashikwa na manyoya mkononi!"

Na hapo manyoya yakatikisika.

Mshamu akafumbua kiganja polepole. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo, chekundu, kipofu, kinatafuta titi. Akachungulia mtungini tena. "Wamo wengi," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye msikitini. Kumbe huyu aliyeitwa Kapitau ni jike, alikuja na mimba yake, akajinyonyoa mwenyewe kuwatandikia wanawe, na mimi nimewabeba uzazini juu ya kichwa, mji mzima nyuma yangu.

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia. Sikritario alishikilia pikipiki. Muuza vitumbua mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakapokea, ikawa kama harusi. "Hongera, baba wa watoto!" "Kapitau kajifungua!" "Ndiyo maana ulikuwa unasifu tumbo!" Nami nimesimama katikati, masikio yanawaka.

Lakini, wallahi, nikawatazama wale wadogo, kila mmoja mzima, anavuta pumzi, na nikajua kuwa katika Quitunda yote hakuna aliyewahi kulisha mnyama hata akazaa kwenye dema la samaki. Majani yangu hayo! Maji yangu hayo! Nikamshika Mshamu mkono mbele ya watu wote. "Nimekukosea, ndugu yangu. Wakiachishwa ziwa wa kwanza kuchagua ni wewe, na manyoya ya kufungia ndoana utaokota mwenyewe."

"Nataka jike," akasema, huku anafuta machozi ya kucheka. "Lakini safari hii tuulize kwanza."

Nikamrudisha mdogo ndani, nikamfunika, nikainamia dema.

"Unakwenda wapi?" Amisi akauliza. "Keti, mzee. Kiapo chenyewe cha hasira."

"Mimi nimeshakusamehe," Mshamu akasema, na akagonga saruji kulia kwake, mahali pangu. "Keti."

"Umesamehe wewe," nikamwambia. "Neno nililisema mimi."

Nikajitwika dema, Kapitau na wanawe, nikapita katikati ya vigelegele shingo imenyooka kama bwana harusi. Nyuma yangu nikasikia Mshamu anakusanya kete za bao, na kandambili zake zinanifuata njia ya kwangu, halafu za mwingine, halafu za wote. Sikugeuka. Barazani kwa Amisi sijaketi tena hadi leo; bao linachezwa kwangu.